Nane na Kumi na Sita

Nahodha alikuwa ameshamwonya kaka yangu mara mbili. Mara ya kwanza kompyuta yake iliganda katikati ya mazoezi. Mara ya pili iliganda mlango wa ngome ukiwa wazi, na yeye ndiye aliyepaswa kuulinda. Nahodha hakupandisha sauti. Alisema tu, "Ukuta, mashindano ni Jumamosi. Ukiganda tena namwingiza mtu wa akiba. Sina ugomvi na wewe, nina ugomvi na hilo kabati lako la kompyuta."

Ukuta ndilo jina la kaka yangu katika timu yao. Wako watano, na hawajawahi kuonana uso kwa uso. Hukutana kila alasiri ndani ya gemu moja la kulinda ngome, kila mtu kwao, wakiongea kupitia vipokea sauti vya masikioni. Hawakujua kwamba Ukuta anaketi kwenye kiti cha magurudumu. Hawakujua kwamba misuli yake inalegea mwaka hadi mwaka, wala kwamba aliacha kazi ya kuchomelea vyuma siku aliposhindwa kuinua kofia yake ya kazi. Mkono wa kulia bado ulikuwa wake. Wa kushoto ulibakiwa na vidole vitatu vyenye utii.

Kwa kuwa hawakujua, walimsema kama walivyosemana wenyewe.

"Ukuta gani wewe, hata bibi yangu na mkongojo wake anapita."

"Mlete bibi yako," kaka alijibu, "atakuwa mchezaji wenu wa kwanza mwenye akili."

Alicheka mpaka akakohoa. Nyumbani hakuna aliyemtania hivyo tena. Mama alimuuliza kila baada ya muda kama anasikia baridi, na mimi nilikuwa nimezoea kuongea naye kwa sauti ya mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto.

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne kabla, shahada ya kompyuta, na barua zangu za kuomba kazi zilikuwa bado zinazunguka huko zilikokwenda. Niliposikia lile onyo la pili nilimwambia, "Hili niachie mimi."

"Injinia," alisema, "ulisomea kompyuta, au ulisomea kuandika insha kuhusu kompyuta?"

"Vyote viwili."

"Basi nimekwisha."

Lakini alikuwa anatabasamu, na mimi nilitoka nyumbani nikiamini kabisa kwamba kuna jambo moja duniani ninaloweza kulinyoosha.

Tatizo lenyewe halikuwa la kuumiza kichwa. Gemu lilikuwa limetoka toleo jipya, zito, na kompyuta ya kaka ilikuwa na kadi moja tu ya RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB nane. Likifunguka lote, nafasi inajaa na kila kitu kinasimama. Fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili aliniwekea mezani kadi ya GB kumi na sita. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake ikinuka risasi ya kulehemu, na hakuwa na haraka na mtu.

"Weka hii, ile ya nane itoe," alisema. "Au tafuta mbili zinazofanana. Ndiyo njia safi."

"Kwani nane na kumi na sita haziwezi kukaa pamoja?"

"Zinaweza. Wengi wanafanya hivyo. Ila ile yenu ya zamani ni ya mwendo mdogo kuliko hii. Ukizichanganya, kompyuta yenyewe itaziendesha zote kwa mwendo wa ile ndogo. Iache hivyo hivyo. Usiingie kwenye mipangilio ukaanza kuilazimisha. Na ukishafunga, washa programu ya kuipima, izunguke saa nne au tano, ndipo mtu acheze."

"Mimi ni mhitimu wa kompyuta, mama."

"Ndiyo maana nakwambia, mwanangu."

Nilipofungua kabati la kompyuta, kaka alisogeza kiti chake karibu akaniangalia. Ile kadi ya GB nane aliinunua mwezi wake wa mwisho kazini na kuichomeka kwa vidole vyake mwenyewe, vikiwa bado kumi. Aliiona mikono yangu inaikaribia.

"Unaitoa?"

Jibu sahihi lilikuwa ndiyo. Kumi na sita peke yake ingetosha.

"Inabaki," nilisema. "Zitafanya kazi pamoja. Ishirini na nne."

"Ishirini na nne," alirudia taratibu, kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani.

Kompyuta iliwaka bila matata. Niliangalia mipangilio na kukuta mambo yako kama fundi alivyosema: kadi mpya ilikuwa inatembea chini ya uwezo wake, kwa ajili ya ile ya zamani. Sijui nieleze vipi, lakini iliniuma. Niliona kaka ameletewa kitu kizuri halafu amenyimwa nusu. Nikachagua mwendo ulioandikwa kwenye kadi mpya, zote mbili ziufuate. Mashine ikazima, ikawaka, haikulalamika. Nilijiona nimepatia.

Hiyo ilikuwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Niliwasha kipimo. Baada ya saa moja kilikuwa hakijafika hata robo, na hakuna kosa lililojitokeza.

"Injinia," kaka alisema, "wenzangu wameshaingia mazoezini. Kipimo au mimi?"

Nilikizima kipimo.

Mazoezi yalikwenda kama maji. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikasikia Nahodha akisema, "Leo Ukuta ameamka. Nani kamlisha?" na kaka akajibu, "Nina injinia nyumbani, nyie endeleeni kuongozwa na vipofu wenzenu," na wote wanne wakapiga kelele kwa pamoja. Niliingia jikoni nikajifungia kidogo, maana machozi yalikuwa yananikaribia.

Jumamosi saa tisa alasiri mechi ikaanza. Walishinda raundi ya kwanza. Ya pili walishindwa kwa tofauti ndogo tu. Ya tatu ndiyo ya kuamua, na chumba kilikuwa na joto, na kompyuta ilikuwa inavuma tangu adhuhuri. Adui alikuwa hatua tano kutoka mlangoni. Kaka alikuwa ameshamwona, ameshasema, "Huyu wangu." Skrini ikageuka bluu, ikaandika maneno yake meupe, ikazima.

Kaka hakuondoa mkono kwenye kipanya. Tuliisubiri iwake. Ilipowaka na gemu kufunguka, mtu wa akiba alikuwa mlangoni, na timu ilikuwa imeshinda.

"Pole, Ukuta," Nahodha alisema. "Nilikwambia." Jina la kaka likaondoka kwenye orodha ya watano.

Jioni hiyo hiyo nilirudisha mwendo ule wa chini na kuanza kupima. Jumapili mchana kipimo kilikuwa hakijapata kosa hata moja. Nane na kumi na sita zilikuwa zinakaa pamoja vizuri kabisa. Zilichokataa ni kulazimishwa.

"Ilikuwa nini?" kaka aliuliza.

"Mimi."

Nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulitaka iende haraka," alisema. "Si dhambi."

Kama angenifokea ningejua pa kujishika. Siku mbili zilizofuata hakuomba kompyuta iwashwe. Aliomba kiti kigeuzwe kitazame dirishani, ambako hakuna kitu isipokuwa ukuta wa jirani na bomba la maji. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba mkono wa kushoto hautafika mwisho wa mwaka ukiwa na nguvu. Kaka alijua. Msimu mwingine wa mashindano ungeanza baada ya miezi kumi.

Basi nilimwandikia Nahodha. Niliandika ujumbe mrefu, nikaufuta, nikauandika tena. Nilieleza kosa la RAM na kwamba lilikuwa langu. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilifikiri watu wakiujua ukweli wa mtu, watampenda kwa ukweli huo. Ndivyo nilivyokuwa naamini, na sidhani nilikuwa mjinga peke yangu. Nikaandika habari za kiti, za misuli, za vidole vitatu, na za mwisho wa mwaka.

Nahodha alijibu upesi. Aliomba radhi mara tatu. Alisema nafasi ni ya Ukuta, hata leo, na mtu wa akiba amekubali mwenyewe kukaa pembeni.

Nilimpelekea kaka habari hiyo mbio.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba kosa lilikuwa langu. La RAM."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Jumatano alasiri nilimwashia kompyuta. Alikuwa ameomba anyolewe ndevu. Nilikaa kitandani kwake, pembeni ya kiti, na kwa kuwa vipokea sauti vyake ni vikubwa na vilikuwa vimelegea, nilisikia kila neno.

"Karibu, Ukuta. Unajisikiaje leo?"

"Najisikia kukufunga mdomo," kaka alisema, na akangoja.

Hakuna aliyemrudishia. Mmoja alicheka kidogo, kicheko cha mgeni sebuleni.

Mchezo ukaanza. Wenzake walitembea polepole. Kila walipofika kona walisimama mpaka afike. Kidole kilichelewa, adui mmoja akapita. "Si neno," Nahodha alisema. "Hata mimi huwa inanitokea." Akapita wa pili. "Usijali, kaka."

Kisha nilimwona kaka anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliufungua mlango wa ngome mwenyewe, akasogea pembeni, akasimama. Adui waliingia wote, hawakuamini bahati yao, wakaichoma ngome mpaka ikabaki moshi.

Alisubiri matusi yake. Nilimwona anayasubiri, shingo imenyooka.

"Umejitahidi sana, Ukuta," Nahodha alisema. "Tunajivunia kuwa na wewe."

Wengine watatu wakaitikia, mmoja mmoja, kwa adabu.

Kaka aliinua mkono wa kulia kuvua vipokea sauti, akashindwa kuvipitisha sikioni. Nilisogea kumsaidia. Akageuza kichwa. Alihangaika navyo peke yake, vikateleza, vikaangukia juu ya kibodi.

"Uliwaambia," alisema.

"Nilitaka wakuelewe."

"Wamenielewa."

Kutoka kwenye kibodi sauti ndogo ya Nahodha iliendelea kutoka, laini, bila haraka yoyote, ikiwaambia wenzake wasianze raundi nyingine, labda Ukuta amechoka, wampe muda.