Mivuto Mitatu

"Shika kamba kwa mikono miwili," Mchimbaji alimwambia shemeji yake, "na usiongee na mtu."

Mjane aliikamata. Kuongea na mtu ndiko kulikomuua mumewe, na wote wawili walilijua hilo.

Nyuma yake ndoo zilikuwa zimepanga foleni tangu alfajiri. Zamani mtaa ulikuwa na nyumba tisa. Siku hizi hata mwenyekiti wa mtaa ameacha kuhesabu. Kila aliyehamia alitaka kisima chake, na Mchimbaji, asiyejua kukataa kazi, alimchimbia, kila kimoja kirefu kuliko cha jirani, mpaka vyote vikaanza kutoa matope matupu. Wiki iliyopita mjane alikuja mlangoni kwake na mjukuu mgongoni, midomo ya mtoto imepasuka kwa kiu.

"Shemeji, maji yapo kwa mume wangu."

"Pale ni kaburi."

"Unanifundisha mimi? Si mimi niliyelia pale? Sasa mjukuu wake anywe nini, machozi yangu?"

Kesho yake Mchimbaji alichukua sururu. Miaka kumi na mmoja iliyopita mdogo wake aliyapata maji pale chini, akapiga kelele za furaha, kisha kuta zikaanza kumeguka. Mwenye kuchimba na mwenye kushika walisemezana kwa kamba: mvuto mmoja, vuta ndoo; miwili, nimekusikia; mitatu, nitoe. Mitatu ilikuja. Lakini Mchimbaji alikuwa ameifunga kamba kwenye gogo, anapatana na mtu aliyetaka kisima kingine. Alipogeuka, shimo limejaa udongo. Watu waliivuta kamba mpaka ikakatika, wakaomba dua, wakaondoka. Tangu hapo mkono wake wa kulia hushtuka usingizini, mara tatu, na mkewe amezoea.

Leo ilikuwa siku ya sita ya kulifukua. Alishuka mpaka anga likawa dogo kama sahani. Udongo ulipoanza kuwa wa baridi, aliacha sururu akachimba kwa vidole, taratibu, kama anayemfunua mtu aliyelala. Aliogopa kukuta mfupa. Aliogopa zaidi kutokukuta kitu.

Alichokuta ni kamba. Ncha yake iliyokatika ilichomoza kwenye tope, nyeusi, na kule chini ilikuwa imeshikwa.

"Nisamehe," alisema. Akaivuta mara mbili.

Tope likalegea. Maji yakamgusa vidole vya miguu, kisha vifundo, maangavu na baridi mno. Kule juu mtu aliyasikia yakibubujika, na ndoo zote zikaanza kugongana kwa pamoja.

"Shemeji!" mjane aliita. "Umemwona?"

Maji yalimfika magotini. Aliikamata ile kamba ya zamani kwa mikono miwili, akingoja ijibu.