Ukurasa wa Kobe

Mama mkwe wangu alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na anaamini kwamba hakuna mtoto asiyefundishika, kuna mzazi mvivu tu. Mzazi mwenyewe ndiye mimi. Nashona nguo, na kila nikimweleza kwamba binti yangu hasomi kwa sababu herufi zinamcheza shere, hunijibu kwamba herufi hazina miguu.

Binti amerudia darasa mara mbili. Wenzake wa sasa wanamfika begani, na wamembandika jina la Kasuku, kwa sababu ukimsomea kitu leo, kesho atakitema chote bila kuacha nukta. Hivyo ndivyo alivyofika hapo alipo. Mpe kitabu ambacho hajawahi kusomewa, utamwona anavyotokwa na jasho puani.

Nilihangaika na shule ile mpaka miguu ikaota sugu. Mwalimu mmoja aliniambia mtoto hana akili, mwingine akasema akili anazo ila ni mtukutu, na mwalimu mkuu akanishauri nimwombee. Mwishowe nikasikia kuna mtaalamu anayepita shuleni kuwapima watoto wenye matatizo ya kujifunza. Akithibitisha kwamba binti ana tatizo, angepewa mwalimu wa kumsaidia pembeni na mtu wa kumsomea maswali ya mtihani. Asipothibitisha, angerudia darasa mara ya tatu. Binti mwenyewe nilimwambia neno moja tu: "Kuna mgeni anakuja kukusikiliza ukisoma. Usiogope."

Siku hiyo tuliwekwa kwenye stoo ya vifaa vya michezo, katikati ya mipira iliyonywea na dawati lililofungwa mguu kwa kamba. Mama mkwe alikuja pia, bila kualikwa, amevaa gauni nililomshonea mwenyewe. Akaketi mlangoni, ametulia kama mwenye harusi.

Mtaalamu alikuwa dada mpole aliyebanwa na mafua. Alitoa kitabu chenye picha ya kobe kwenye jalada, akakifungua mwanzoni, akamsogezea binti. Binti akatabasamu. Tabasamu lile lilinitia hofu, maana sijawahi kumwona mwanangu akikichekea kitabu.

Akasoma kama mtangazaji wa redio. Kobe aliondoka kwake, kobe alisalimiwa, kobe alijibu kwa sauti nzito ya kukoroma. Sauti ile naijua. Niligeuka nikamkuta mama mkwe anachezesha midomo, yuko naye neno kwa neno. Mwalimu wa darasa la binti alikuwa mwanafunzi wake zamani, na bila shaka ndiye aliyemwazima kitabu hicho cha kupimia. Kumbe zile jioni walizokuwa wakijifungia chumbani, eti anamsuka nywele, bibi alikuwa anamkaririsha kobe!

Kazi yangu ni kufuata mstari wa chaki kwenye kitambaa, kwa hiyo niliangalia kidole cha binti kilichokuwa kikifuata maneno. Kilikuwa kimeshafika chini ya ukurasa na maneno aliyokuwa akiyasema bado yako katikati. Mtaalamu hakukiona, alikuwa anatafuta leso.

"Mbona anasoma vizuri tu, mama?" akaniuliza. "Labda ni uvivu kidogo. Watoto wa umri huu wanakuwa hivyo."

Uvivu. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaniwaka moto.

"Naomba umfungulie ukurasa mwingine," nikasema.

"Mtoto ameshasoma, mwanangu," mama mkwe akadakia kutoka mlangoni. "Unataka nini tena?"

Nikakichukua kitabu mwenyewe, nikafungua karibu na mwisho, ambako nilidhani bibi alikuwa hajafika. "Soma hapa."

Binti aliutazama ukurasa, akanitazama mimi, akamtazama bibi yake. Bibi akaanza kumchokonoa kwa kunong'ona, "Kobe aka..."

"Mama, mwache."

Tangu niolewe sijawahi kumkata kauli. Binti akashika herufi ya kwanza, akaiacha, akajaribu ya pili, akatamka neno ambalo halikuwepo. Jasho likamtoka puani. Nilitamani kumnyang'anya kitabu, lakini nikakaza moyo, nikamwacha ahangaike mbele ya mgeni.

"Inatosha, mpenzi. Pole," mtaalamu akasema, na leso akaiweka chini. Alimuuliza mambo mengi kwa upole, akaniuliza na mimi, kisha akasema atamwingiza miongoni mwa watoto wa kusaidiwa. Nilikuwa nimeshinda, na sikuona raha yoyote.

"Mimi nimemjenga," mama mkwe aliniambia nje, "wewe umembomoa mbele ya watu."

"Akili ni nywele, mama, kila mtu ana zake. Wewe umemsuka mtoto za kwako."

Alishika njia yake, sisi tukashika yetu.

Nyumbani nilikaa kwenye cherehani, binti akakaa chini kuokota vipande vya vitambaa, kama kawaida yake.

"Bibi alisema nikisoma vizuri utaacha kulia."

"Bibi alikosea."

"Kumbe ulitaka nishindwe?"

"Nilitaka mgeni aone unavyopata shida. Akiona, watakusaidia."

Akafikiri, vitambaa mkononi.

"Sasa si ungeniambia, mama? Kushindwa naweza. Ningeshindwa vizuri tu, wala nisingechoka kukariri."

Hasira yote niliyokuwa nimembebea mama mkwe ikakosa pa kukaa. Tulivutana juu ya kichwa cha mtoto, bibi huku na mimi kule, na hakuna aliyeinama kumweleza kinachoendelea. Nilikanyaga cherehani ili nisimjibu. Ilishona hatua ndefu kwenye kitambaa kabla sijaona kwamba haina uzi.