Mjomba Wendell na Meza ya Shukrani

Delbert Hutchins hakumtafuta bata mzinga. Alimkuta tu, tena kwa bei ya kutupa. Duka moja kubwa katikati ya mji wa Dayton, Marekani, lilikuwa linafungwa, na dirishani mwake alisimama bata mzinga wa mashine, mrefu kuliko mtu, anayekonyeza jicho na kupiga gitaa la banjo. Delbert alikuwa fundi wa mashine za michezo, na siku nyingi alikuwa na ndoto ya kufungua mkahawa wa piza ambamo watoto wangecheza wakati wazazi wao wanapumua. Alipomwona ndege yule, aliingia ndani akauliza bei. Mkewe Maxine alimtazama ndege, akamtazama mume, akauliza swali moja tu.

"Del, unakumbuka huyu huwa tunamfanya nini Novemba?"

Delbert akatia pamba masikioni. Alimvika ndege kofia, akamwita Mjomba Wendell, akamsimamisha jukwaani nyuma ya pazia jekundu. Watoto wa Dayton walipagawa. Kila aliyekuwa na siku ya kuzaliwa aliimbiwa na Mjomba, akapewa kofia ya karatasi na sarafu za kuchezea mashine, akarudi nyumbani akiwa na rangi ya sosi mpaka kwenye nyusi.

Kisha Novemba ikafika, maana huwa haikosi kufika. Siku ya Shukrani, sikukuu ambayo karibu kila nyumba Marekani hula bata mzinga, nusu ya watoto wa mji walitazama kilicholetwa mezani, kimebanikwa vizuri na kung'aa kwa siagi, wakaangua kilio kwamba Mjomba ameuawa. Simu ya Delbert haikupoa, na mengi aliyoambiwa hayaandikiki. Ila baba mmoja alipiga akiwa amechoka tu, akauliza kama mkahawa upo wazi. Delbert alikuwa ameshakaa mezani na uma mkononi. Aliuweka chini, akachukua funguo, akaenda kufungua, na jioni hiyo watu walijaa hadi wengine wakala wamesimama.

Hapo ndipo kichwa kilipomvimba. Mwaka uliofuata alitangaza redioni kwamba familia zote zinakaribishwa kula Shukrani na Mjomba, na akaweka sheria kwamba nyama ya bata mzinga haivuki mlango wa mkahawa wake, hata ikiwa katikati ya mkate wa mfanyakazi. Akafungua tawi Cincinnati, likafuata la Indianapolis, kisha Louisville, na kwingine na kwingine, kila tawi na Wendell wake. Gazeti likamwita mtu anayezikutanisha familia. Maxine aliikata habari ile na kuibandika kwenye mlango wa friji. Ndani ya friji hiyo kulikuwa na sahani ya chakula cha huyo mwenye sifa, imefunikwa kwa foili, inamsubiri arudi kazini.

Binti yao Rhonda, mtoto wao wa pekee, alipouliza baba yuko wapi kila Siku ya Shukrani, aliambiwa anafanya kazi ili watu wapate kula na familia zao. Akiwa mdogo aliridhika na jibu hilo. Alipokua kidogo akaanza kulitafakari, na hapo mambo yakaharibika.

Mkahawa nao ukaanza kuharibika. Watoto walinunuliwa michezo ya kuunganisha kwenye televisheni, wakawa hawana haja ya kutoka nyumbani. Akina Wendell walizeeka. Yule wa Louisville kope zilinasa, akawa anapiga banjo amelala. Yule wa Indianapolis alizungusha shingo mzunguko mzima, na watoto wa meza ya mbele wakakimbilia chini ya meza. Matawi yakafungwa moja moja mpaka likabaki lile la Dayton, na Delbert, ambaye kila mara alisema ni kipindi tu, kitapita.

Wakati huo Rhonda alikuwa na mume na nyumba yake, na chakula cha Shukrani kilihamia kwake. Mwaka huo alimpigia baba yake simu mapema.

"Baba, tunakula saa nane mchana. Usipokuja safari hii sikualiki tena. Sina hasira na wewe, nimechoka tu kufunika sahani."

Delbert aliahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote. Angefungua asubuhi kidogo, afunge, aende.

Lakini asubuhi ile kanisa la jirani liliharibikiwa na jiko la kupikia chakula chao cha Shukrani, na waumini wote wakahamia kwa Mjomba Wendell pamoja na watoto wao. Delbert hakuwa ameona umati kama ule kwa miaka. Alijiambia atakaa saa moja zaidi, na saa hiyo ikazaa nyingine. Saa nane ilimpita akiwa na bisibisi, nusu mwili ndani ya mgongo wa Wendell, kwa sababu banjo ilikuwa imekwama.

Alipotoa kichwa alimwona Rhonda mlangoni, amebeba sinia la oveni lililofunikwa foili. Nyuma yake alikuwa Maxine na bakuli za viazi, na mkwe wao na pai ya maboga. Delbert alijua kilichomo kwenye sinia kabla harufu haijamfikia. Alimkimbilia binti yake, akamshika kiwiko.

"Mwanangu, siyo humu. Watoto watalia, na kesho sitakuwa na mkahawa."

"Na walie," Rhonda alisema. "Mimi nililia na hukufunga."

Akampita. Aliliweka sinia kwenye meza iliyokuwa chini kabisa ya jukwaa, akafunua foili. Watoto wakaacha mashine, wakasogea. Msichana mmoja mwenye sosi mashavuni aliitazama ile nyama, akainua macho kwa Wendell, akairudia nyama. 

Msichana aliuliza kama anaweza kupewa paja.

Delbert akamuuliza, kwa sauti ndogo, kama hamwonei huruma Mjomba Wendell.

"Kwani huyo si dinosaria?" msichana akasema.

Mwenzake akambishia kwamba ni jogoo. Wa tatu hakuwahi kujali ni nini, alichotaka ni ngozi ile iliyokauka. Akina mama wa kanisa wakaja na sahani zao.

Delbert aliketi. Maxine alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, na Delbert akajaribu kucheka naye, ikashindikana. Ilimuuma. Novemba zote zile aliikimbia meza yake kwenda kumlinda ndege ambaye watoto wenyewe hawakumtambua tena.

Rhonda akamwekea kisu mbele yake.

"Kata, baba. Hii huwa ni kazi ya baba."

Delbert akakishika kisu. Akakiweka kifuani mwa ndege wa kwenye sinia, akakihamishia kwenye paja, akakirudisha. Foleni ya sahani ilimsubiri. Nyumbani kwake Maxine ndiye aliyekuwa akikata, na baadaye mkwe.

"Rhonda," alisema taratibu, "sijui pa kuanzia."

 Rhonda akazunguka meza, akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake, na kumwonyesha kiungo cha paja kilipo.