Tangi la Baba Ndanu

Mume wangu Bartholomew, Baba Ndanu, alilichomelea tangi lile la gesi kwa mkono wake, hapa Mwala, mwaka wa 1994. Aliligeuza kifudifudi juu ya shimo la mavi ya ng'ombe, bomba likaleta moto jikoni. Majirani walikuja kuonja chai wakitafuta harufu ya mavi, wakaikosa, wakanywa vikombe viwili viwili.

Miaka miwili baadaye alikwenda Uarabuni kuchomelea mabomba ya mafuta. Aliandika kwamba visima vya huko vinanuka yai viza kama shimo letu, na kwamba gesi yenye harufu hiyo hula chuma, hata kipya hupasuka. Akasisitiza tangi ling'olewe kila Desemba, lipakwe lami ndani. Barua yake ya mwisho ilifika mwaka wa 1999.

Nje nililipaka rangi kila mwaka, likang'aa kuliko lango la kanisa. Ndani sikugusa. Kulinyanyua kunataka wanaume wanne, na wanaume hawakukosekana. Ndugu zake walijitolea, nikawafukuza. Ile ilikuwa kazi ya Bartholomew. Nikimpa mtu mwingine kazi yake, nitakuwa nimekubali kwamba harudi. Niite mjinga ukitaka, mimi nimeshajiita.

Mwaka huu wa 2003 moto ukaanza kuzimika kabla ugali haujaiva. Nilimwita Kibe, fundi wa mjini Machakos. Yeye na wenzake watatu waliling'oa, wakalilaza juani. Akabonyeza chuma kwa kidole gumba, kidole kikatokea upande wa pili.

"Mama Ndanu, hii rangi yako ndiyo ilikuwa inashikilia tangi," akasema. "Huku ndani chuma iliisha kitambo. Nani alikuwa anapaka lami?"

"Mwenyewe, Baba Ndanu."

"Ako wapi?"

Nilimtamani Bartholomew pale pale, mbele ya wanaume wanne. Nilitamani hata ukali wake, aniulize kwa nini sikufanya alivyoniagiza.

Kibe alipangusa kidole kwenye suruali. "Naweza weka viraka, lakini ni ya miezi tu. Ama nikujengee ya simiti. Hiyo haing'olewi."

"Haitaki mwanaume wa kuinyanyua?"

"Hapana, mama. Hata ukiwa pekee yako, utaitunza."

Nikalia, tena bila aibu. Kisha nikamwonyesha pa kuchimba.