Vikopo vya Maua vya Fundi Nyundo

Tuseme ukweli mapema, yaishe: siku ile mjinga alikuwa Nyundo mwenyewe. Fundi bati wa miaka nenda rudi alisimama mbele ya mabalozi wawili akitabasamu kama bwana harusi, wala hajui ameleta nini.

Ufundi wa bati una sheria moja, naye aliihubiri kwa kila aliyepita karakanani: maandishi ndani. Ukichana kopo ukalinyoosha, chapa unaifichia ndani, uso safi ndio unaomtazama mteja. Nani anataka taa yake imkumbushe mafuta ya kupikia?

Ila mabati ya mwezi ule hayakuwa ya mafuta. Watu walipoandamana kudai kura, askari waliwamwagia moshi wa machozi mpaka paka wakahama mtaa. Walipoondoka, njia zote zilibaki zimetapakaa makopo, mengine yana bendera ya taifa kubwa la upande huu, mengine ya taifa kubwa la upande ule. Serikali ilikuwa inakula kwa mikono miwili. Huyu akichelewesha mzigo, inamtishia kwamba itamkimbilia yule, basi wote wanashindana kuleta. Nyundo akayaokota makopo. Bati ni bati.

Kesho yake askari walikuja kumchukua binti yake, mwanafunzi wa ualimu, aliyekuwa ameshika bango mstari wa mbele. Katika purukushani, buti likakanyaga miwani ya Nyundo. Tangu hapo alifanya kazi kwa vidole, mkewe akimpa mabati. Kituoni wakaambiwa hakuna binti, hakuna maandamano, na huo moshi labda ni wa jiko lao.

Ndipo wizara ikaagiza vikopo vya maua vya mezani, kwa maonyesho ya kazi za mikono. Mabalozi wote wawili wangekuwepo. Nyundo akaona mlango umefunguka: Waziri akivipenda, yeye atapata pa kumwombea mwanawe.

"Mama watoto, uso safi uko nje?"

"Safi kabisa, baba. Wewe gonga."

"Mbona kama unacheka?"

"Nicheke nini? Moshi wao haujanitoka puani."

Nyundo akagonga, akakunja, akasugua kwa kidole. Laini! Kama angekuwa kopo, naye angetaka kutengenezwa na Nyundo.

Siku ya maonyesho, Waziri alihutubia kwamba nchi imetulia, askari hawajarusha hata kopo moja. Makofi. Balozi Mrefu akainama kunusa ua la mezani kwake, akakutana uso kwa uso na bendera ya hasimu wake. Alicheka mpaka tai ikaingia kwenye juisi.

"Waandishi, njooni! Oneni zawadi wanayowaletea wananchi!"

Balozi Mnene, wa upande wa pili, akakigeuza kikopo cha mezani kwake.

"Na hiki je? Hiki mlileta cha kuulia mbu?"

Kamera zikalia. Waziri akafunika kikopo kimoja kwa kofia yake, lakini kofia ilikuwa moja na meza zilijaa ukumbi. Nyundo, aliyeona ukungu mtupu, akadhani hizo kelele ni sifa. Akapaza sauti:

"Msigombanie, wakubwa! Bati lipo tele!"

"Umelitoa wapi?" mwandishi akamuuliza.

"Mtaani kwetu. Askari waliliacha siku ya maandamano."

Kalamu za waandishi zikakimbia. Mkewe, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji ya maua, akaitua chini.

"Na binti yetu walimchukua kesho yake," akasema. "Yuko wapi?"

Hapo mabalozi wakaanza shindano jipya. Mrefu akataka wafungwa wote waachiwe. Mnene, asipitwe, akataka waachiwe na kura ipigwe. Mrefu akasema kura hiyo yeye ndiye aliyeitaja kwanza. Husemwa fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Siku ile nyasi zilikaa pembeni zikishangilia.

Njiani kurudi nyumbani Nyundo alielezwa alichokifanya. Alinuna hatua kadhaa, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

Wiki haikuisha, geti la kituo likafunguliwa. Wafungwa walitoka wakiimba, huku redio ikitangaza kwamba tarehe ya uchaguzi imepangwa. Binti alitoka amekonda, ila shingo iko wima. Akamrukia baba yake.

"Baba, nasikia umepindua meza!"

"Mimi? Mimi nilipeleka maua, mwanangu."

Mkuu wa kituo akawafuata hadi getini, uso umemvimba.

"Msidhani mmeshinda. Mmeiaibisha nchi mbele ya wageni! Nani aliwatuma kugeuza yale maandishi nje?"

Nyundo akafungua mdomo aombe radhi kwa mazoea. Mkewe akamshika mkono.

"Bwana mkubwa," akasema, "walioandika ni wageni wako, mliorusha ni ninyi. Sisi tulichotia mle ni maua tu."