Mlango wa Chumba cha Mkwe

Miaka sita ya kukata mkonge ilinifunza kuvumilia miba, jua na nyapara. Kuvumilia karatasi haikunifunza.

Mwaka ule wa hamsini na nne nilitaka kujenga chumba kimoja tu uani kwangu, hapa Ngamiani. Chumba cha udongo na makuti, cha mama mkwe wangu, Bi Mastura. Macho yake yalikuwa yakififia, na kule Kigombe aliishi peke yake. Mwezi wa Rajabu nusura atumbukie kisimani. Tangu hapo mke wangu, Mwamvua, usingizi ulimruka. Lakini kila akimwita mamake, jibu lilikuwa lile lile: "Nilale paa moja na mkwe wangu? Afadhali kisima."

Basi, chumba cha peke yake. Nikachora ramani, nikaipeleka ofisi ya mji. Mlango niliuchora ufungukie uchochoroni, ili mimi na mkwe tusionane hata siku moja. Nilijiona mhandisi! Ramani ikarudi na mstari mwekundu: mlango wa nje hufanya nyumba ya pili, na kiwanja kimoja ni nyumba moja. Chumba cha uani, mlango uwe uani. Bwana Afya, mkaguzi wa majengo, angekuja Jumanne kupima na kukata shauri.

"Mlango uani!" Mwamvua akasema. "Mama akuone kila alfajiri na birika lako la chooni? Atarudi Kigombe kabla ya chai."

Jumanne, nani kawahi kufika, juu ya lori la mkonge, bila kualikwa? Bi Mastura. "Nimekuja kukiona hicho chumba," alimwambia bintiye. Chumba chenyewe vijiti vinne! Aliposikia sauti yangu akakimbilia jikoni, kanga mpaka usoni.

Nusu saa baadaye Bwana Afya akaingia na baiskeli yake, kijana wa Kishambaa mwenye soksi ndefu, jina lake Asheri. Akanipa ncha ya futikamba.

"Kaishike pale kwenye ukuta wa jiko."

Sikusogea.

"Vipi, bwana? Jikoni mna simba?"

"Simba ningemsogelea. Mna mkwe."

Asheri akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Hata kwetu Mlalo, baba yangu huruka mtaro akimwona mkwewe." Akaipeleka kamba mwenyewe, akatoa shikamoo mlangoni, akaitikiwa marahaba. Kutoka chooni, futi kumi na mbili. Safi. "Ila mlango siwezi kuuhamisha," akasema. "Sheria ni uani."

Nikamwona Mwamvua akiuma pindo la kanga.

Mara kule jikoni kinu kikapigwa kofi. "We kinu!" Ni Bi Mastura. Kwetu mkwe hasemi na mkwe ana kwa ana. Husema na chombo. "Mwambie huyo mkwe wangu, baba Haji, uani kwa wanawake ana shughuli gani? Ana mlango wa mbele, ana baraza, ana msikiti. Apige ua wa makuti toka mlango wake wa nyuma hadi chooni, apite humo humo. Na akohoe!"

Nikamgeukia mkaguzi. "Bwana Asheri, ua wa makuti unataka kibali?"

"Ua hauna paa. Usio na paa haunihusu." Akaipigia magoti ramani, akachora mlango uani, akatia sahihi.

Mwamvua akapiga vigelegele, majirani wakachungulia wakidhani kuna posa.

"Kinu," nikapaza sauti, "mwambie mama nitakohoa mpaka wanipeleke hospitali."

"Kinu, mwambie asinichekeshe, nina heshima zangu."

Asheri hajafika kona, kamba yangu ya msingi nimeshaifunga kwenye vijiti.

"Geuka," Mwamvua akaniamuru.

Nikageuka, pua kwenye chokaa ya ukuta. Nyuma yangu nikasikia nyayo zikiupima mchanga, taratibu, mama kamshika bintiye bega.

"Hapa kitanda. Hapa mtungi." Nyayo zikasimama. "Mwamvua, nitalala kwa jirani yenu Mwatumu mpaka paa liezekwe. Kule Kigombe mtu akaniletee kuku wangu."

"Wote, mama?"

"Wote. Na huyo anayenusa ukuta, kwani udongo utajichimba wenyewe?"