Maji ya Kumuoshea Bibi Waridi

Ijumaa ya kwanza baada ya Bibi Waridi kuzikwa, mjukuu wake Mwamvita aliteka maji mapema, akaujaza mtungi wa mlangoni ili mumewe Kassimu apate ya kutawadha, kisha akakaa kuchambua mchele. Alipoinua macho, mtungi ulikuwa mtupu. Haukuwa na ufa. Maji yalikuwa yameteremka kutoka mdomoni mwake, yamevuka kizingiti, na sasa yalikuwa yakifuata njia ya Kabambare, membamba, bila haraka, yakipita ukingoni ili yasiwasumbue wenye mizigo.

Kassimu alitoka, akayatazama mpaka yakapinda kona.

"Yanaenda kwa nkambo," alisema, kwani hivyo ndivyo watu wa Kasongo walivyomwita bibi. "Unipatie ingine, sala inapita."

Bibi Waridi alikuwa muosha maiti. Hakuna mwanamke Mwislamu wa mtaa ule aliyeingia kaburini bila kupita mikononi mwake, hata mwaka wa ndui, wakati wengine walipokuwa wakipita mbali na nyumba zenye msiba. Kichanga cha jirani yao Cécilia, kilichozaliwa kimekufa kabla padri hajafika, alikiosha vilevile. Hakuona sababu ya kumuuliza dini mtu ambaye hakuwahi hata kulia. Mwamvita, aliyelelewa naye tangu utotoni, ndiye aliyemshikia ndoo. Bibi alimfundisha kuanza upande wa kulia, kuyapasha maji moto kidogo, na kuzungumza na anayeoshwa ili asione haya.

"Mimi naosha watu wote," bibi alizoea kumwambia wakirudi nyumbani. "Na mimi, nani ataniosha?"

"Ni mimi, nkambo."

"Basi usichelewe."

Kisha malale yakamwingia. Alianza kusinzia katikati ya sala, baadaye katikati ya tonge. Mwamvita alimlisha uji, akamgeuza ubavu, akamficha nyuma ya magunia ya mpunga kila mara waganga wa Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, walipokuja kuwapapasa watu shingo wakitafuta tezi. Miaka ilipita hivyo. Mwishowe wakamkuta, naye akacheka usingizini wakati wanamweka kwenye machela. Wakampeleka lazareti, nje ya mji, mahali penye ukuta mrefu wa matofali, ambako mgonjwa huingia na jamaa zake hubaki nje. Kila siku Mwamvita alipeleka chakula mpaka langoni, na muuguzi Octave, mtu mzima wa misheni, mwenye sauti ya chini, alikipokea. Siku moja hakukipokea.

"Pole, mama. Nkambo yako alikufa asubuhi."

"Unifungulie nimuoshe."

"Tumeisha kumuzika. Huku hatuoshe mutu. Iko shimo, iko chokaa, basi. Ni sheria ya Bula Matari."

Mwamvita alirudi na sufuria yake. Kwa hasira hakulia. Sanda aliyokuwa ameiweka tayari aliikunja upya, akaifungia sandukuni.

Ijumaa ya pili, maji yaliondoka katika kila nyumba ambayo Bibi Waridi aliwahi kumuosha mtu, na nyumba hizo zilikuwa karibu mtaa mzima. Yalikutana penye soko, yakawa mkondo mmoja, yakapanda mlima mdogo wa lazareti. Akina mama walijifunza upesi kufua na kupika mapema siku hiyo. Cécilia, Mkristo wa kweli, alikuwa akiufunua mtungi wake mwenyewe yasije yakahangaika na kifuniko. Wenye baiskeli walisimama yapite. Yalipofika langoni yalikuta pamefungwa, nayo yakangoja hapo mpaka jioni, kwa sababu maji ya Bibi Waridi hayakuwa maji ya kuingia kwa mtu bila kukaribishwa.

Maji yaliyotuama yalikuwa kosa. Alikuwapo Mbelgiji aliyezunguka mjini akichungulia mitungi na makopo, na watu walimwita Bwana Mbu. Alilikuta dimbwi, akachovya kijiti, akauliza ni la nani.

"Ni maji yangu na ya majirani, Bwana," alisema Mwamvita. "Yanataka kumuosha nkambo. Ufungulie mulango kidogo tu, yataingia, yatatoka."

Bwana Mbu aliuliza kama maji hayo yamechemshwa. Alipojibiwa kwamba hayajachemshwa, alieleza kwa upole kuwa sheria ya maji haisemi lolote juu ya malango, na sheria ya malango haisemi lolote juu ya maji. Kisha akamtia buloko, gereza la pale, kwa kufuga mbu.

Huko buloko, Ijumaa, maji ya ndoo ya wafungwa nayo yalipita chini ya mlango. Askari aliisogeza bunduki yake kando isilowe.

Bwana Mbu hakuwa mtu wa kushindwa. Aliamuru uchimbwe mfereji wa saruji kuanzia mbele ya lango, uuzunguke ukuta, ushuke hadi kijitoni. Kazi walipewa wafungwa, na mfungwa Mwamvita alibeba mchanga. Alijua kila karai analolimwaga linamwekea bibi yake kizuizi. Alimwaga polepole, lakini msimamizi alikuwa na kiboko, na mfereji ukatokea mzuri, umenyooka, laini kama bakuli.

Ijumaa ya kuachiliwa kwake alisimama kando akaangalia. Maji yalikuja kama kawaida. Yalifika mdomoni mwa mfereji, yakasita, yakajikusanya, yakalitazama lango. Kisha yakateremka. Hata maji yenye msiba hufuata mteremko, na Mwamvita hakuweza kuyalaumu. Ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya watu, mpaka kanga yake ikalowa kifuani. Bwana Mbu alipita akaukagua mfereji, akaridhika.

Siku hizi wanaofiwa humwita Mwamvita. Huanza upande wa kulia, hupasha maji moto kidogo, huzungumza na anayeoshwa. Wote humaliza wakiwa safi, na wote wanazikwa na watu wao, isipokuwa wale wa lazareti, ambao wameongezeka.

Kila Ijumaa hujaza mtungi, akafungua mlango, akaenda nyuma ya maji mpaka langoni. Octave humngoja upande wa ndani, karibu na tundu la ufunguo.

"Yamefika?" huuliza Mwamvita.

"Hapana, mama. Huku kwa nkambo iko kukavu tu."

Hapo hushuka na mtungi wake mpaka kijitoni, mfereji unapoishia, akayateka tena yaleyale, akarudi nayo nyumbani kupikia.